Anataka Kadi Gani?

Ng'ambo ya ziwa, 10 Novemba 2024

Mama mpenzi,

Nakusalimu katika jina la Yesu. Magoti yanaendeleaje na baridi ya Kasulu? Mimi ni mzima, ila usingizi sina. Wodi yetu imejaa wanajeshi waliojeruhiwa na hakuna anayekuja kuwatazama. Wengine hawana mikono, nawalisha uji kama watoto. Mchungaji ameomba makanisa yawatumie kadi za Noeli, nami nikakutaja wewe na akina mama wa kwaya yenu. Mtandao huku umekatwa. Mpe Reverien wa Kibondo, yule muuza vitenge, atavuka nazo.

Binti yako,
Chantal


Nyarugusu, 24 Novemba 2024

Chantal mwanangu,

Amani iwe kwako. Magoti ni yaleyale, yanajua mvua kabla ya mawingu. Wewe unakula?

Umeniponza, mtoto. Nilisimama kanisani nikatangaza kila mama alete kadi kwa ajili ya wanajeshi majeruhi. Huku kambini kadi ni moja tu, ile ya chakula. Mama Providence akaisukuma yake ndani ya blauzi: "Mgao walishapunguza, sasa na kadi munapatia waaskari? Miye sitoi!" Nusu ya kanisa ikatoka nje. Nilipoeleza kuwa ni kadi za kuchora, tulicheka mpaka machozi. Watoto wamechora kwenye maboksi ya mafuta: nyota, ng'ombe, na Yesu aliyevaa kofia ya jeshi.

Nami nimeandika yangu: "Mwanangu uliyetulinda, Mungu akuponye. Mama yako." Atakayeipata aipate. Mimi sina mwana wa kumwandikia. Tangu kaka yako Floribert atoroke hapa kambini kufuatana na waasi waliochoma kijiji chetu, baba yenu akiwa ndani ya nyumba, nilisema ofisini kwamba amekufa, wakamfuta kwenye kadi ya chakula.

Mama yako,
Jeannette


Ng'ambo ya ziwa, 12 Desemba 2024

Mama,

Nakusalimu. Mimi ni mzima. Tafadhali keti kwanza.

Kadi zilifika, tukazigawa. Yako ilimwangukia Cadet, mwanajeshi asiyejua kusoma. Akamwomba wa kitanda cha jirani amsomee. Huyo jirani ni mwasi aliyetekwa. Askari anamlinda mlangoni, na uso wake umefungwa bandeji, yamebaki macho na mdomo tu. Akasoma, "Mwanangu uliyetulinda," akaisogeza kadi karibu na macho. Cadet akamwambia aendelee. Yeye akaniita kwa jina: "Chantal, hii ni mwandiko ya mama."

Ni Floribert, mama. Amekatwa mguu na kidonda kimeoza hadi juu ya paja. Daktari hatupi matumaini. Kuhusu baba hajitetei hata kidogo. Ameomba jambo moja tu: "Umuambiye mama anitumiye na miye kadi." Nakuomba, mama, mjibu upesi. Reverien anakuja huko kuchukua mzigo.

Binti yako,
Chantal


Nyarugusu, 17 Desemba 2024

Chantal,

Salamu. Hali yangu usiulize.

Anataka kadi? Kadi gani? Kwenye kadi nimebaki peke yangu. Niliweka kidole changu kwenye wino kwamba amekufa. Sasa mguu umekwenda, wenzake wamemtupa, ndiyo amekumbuka kuwa mama ana unga na mbaazi? Aje ale mgao pamoja na watu ambao wenzake waliwachomea nyumba, apange foleni nyuma ya Mama Providence? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwambie jina lake halimo kwenye kadi, wala sitalirudisha.

Ni mimi niliyemzaa, najua. Lakini hapana.

Mama yako,
Jeannette


Ng'ambo ya ziwa, 26 Desemba 2024

Mama,

Sijui nikusalimu vipi.

Kosa ni langu, niliandika kwa haraka. Floribert hakuomba chakula. Aliomba kadi ya Noeli, mama. Kipande cha boksi chenye nyota, kama walichopata wenzake.

Reverien alifika jana, siku yenyewe ya Noeli. Floribert aliiona bahasha kabla yangu, akanyoosha mkono: "Iko yangu ile." Sikuwa na moyo wa kumnyang'anya. Aliisoma mpaka mwisho, akaikunja vizuri, akanirudishia. Akasema, "Mama iko na haki."

Amefariki leo asubuhi, na tumeshamzika. Cadet anasema adui ni adui, lakini ameniuliza ni nani atamsomea sasa.

Binti yako,
Chantal


Nyarugusu, 9 Januari 2025

Chantal mwanangu,

Amani iwe kwako. Barua yako imenifikia.

Kumbe ni kadi ya kuchora. Mimi ndiye niliyelifafanulia kanisa zima neno hilo, halafu likanishinda mwenyewe. Kosa usilibebe wewe. Uliandika vizuri, ni mimi niliyesoma kwa hasira.

Siwezi hata kumlilia. Hapa kambini Floribert alishakufa. Mwaka ule walikuja wote wakakaa nami kilio, Mama Providence akapika maharage yake yote. Leo niwaambie nani amekufa? Nimefunga mlango, nikaziba mdomo kwa kitenge, nikalia kwa kujificha kama mwizi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi uchungu huu sina wa kumwonyesha.

Jumapili Mama Providence ameniuliza kama wanajeshi walizipenda kadi zetu. Nimemwambia walizipenda sana. Akamshukuru Mungu.

Ule vizuri, mwanangu. Ujitunze.

Mama yenu,
Jeannette