Ukuta wa Mususa wenye Kugeuka

Mama Masika, muke wangu, wavukire, umeamukaje?

Niko na miaka makumi saba na ine, nimepita utawala wa Babeleji na vita mbili, lakini ukuta wenye kutembea sijaonaka. Hapa Mususa mwanamuke moja injiniere anajenga kalasi ya shule na mianzi na udongo, bila kuchoma tofali. Nikamwambia: «Mie fundi mukubwa, ukuta huu nitauangusha na bega.» Akajibu: «Papa, kidole kinatosha.» Nikasukuma na bega. Ukuta muzima ukageuka polepole juu ya nguzo moja, ukanimwaga ndani, mwangaza ukajaa.

Nyumba yetu yenye basoda, wale waaskari, balichoma, tutaijenga hivi; tuache kungojea kuni za kuchoma tofali kule porini kwenye vita. Nimeomba huyu mwanamuke anifundishe. Vumilia kidogo kule kwenye unakaa kwa kaka yako, mupenzi.

Hauamini? Uliza Katungu muuza mikate, ndiye aliniinua kutoka chini.