Saba na Nane

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo, na pole na kazi. Natumaini karatasi hizi zitakukuta mzima, wewe na wifi na wale wanangu wawili wasiojua kukaa chini. Sisi huku wazima, na safari hii neno hilo siliandiki kwa mazoea, maana leo asubuhi Baba amenifokea mpaka jirani akachungulia dirishani. Utaona mbele kwa nini hiyo ni habari njema.

Kabla ya yote: ule mkoba wa spana aliokutumia Baba, usiutumie. Usimwazime mtu hata bisibisi moja. Najua ulivyoufurahia, ile picha uliyojipiga ukiwa nao begani mbele ya kioo tuliiona sote. Uweke juu ya kabati, kisha vuta kiti usome.

Unakumbuka tulivyochanganyikiwa siku aliyosema anaacha kazi. Kiharusi kilikuwa kimempitia juujuu tu, mkono ukarudi, mdomo ukanyooka, daktari akamruhusu kurudi kazini taratibu, na ofisi ikasema nafasi yake ya ufundi lifti itamsubiri mpaka mwisho wa mwezi huu. Tulishaanza kumtania kwamba ovaroli limempwaya. Halafu ghafla, tunakula, akasema lifti inabeba roho za watu na yeye hakiamini tena kichwa chake. Nilipomuuliza kulikoni, alijibu kwamba amejipima mwenyewe na amejijua, basi. Amejipima kwa kitu gani, hakusema. Kesho yake mkoba ukawa njiani kuja kwako, kwa kuwa kwetu fundi mwingine ni wewe tu na nyaya zako za umeme.

Sasa nije kwangu mimi, na hapa ndipo aibu inapoanzia. Unajua nikitoka mapokezi pale kliniki ya meno najifunza kutengeneza michezo ya simu. Usicheke. Najifunza kwa video na kwa kundi la mtandaoni la wanaoanza kama mimi, na wote walinishauri nianze na kitu chepesi. Nikatengeneza fumbo la vibao: fremu yenye nafasi tisa, vibao vinane vyenye namba, nafasi moja wazi. Namba zimevurugwa, na wewe unasogeza kibao kimoja kimoja kwenye ile nafasi mpaka zikae kwa mpangilio, moja hadi nane. Mwanzoni ukigusa kibao kilikuwa kinateleza nje ya kioo na hakirudi tena. Mama alisema mchezo wangu unahama nyumba. Nilipofanikiwa kuvizuia vibao visitoroke nilijiona bingwa wa dunia, na nikauweka kwenye simu ya Baba akiwa bado wodini, ili vidole vyake vipate mazoezi.

Mama aliujaribu akachoka, binamu yetu aliujaribu akasema atamalizia baadaye. Nikafikiri watu ni wavivu tu.

Juzi nikauweka kwenye lile kundi nikitegemea pongezi. Mmoja wao, anajiita Mzee Nukta ingawa nadhani ni mdogo kuliko mimi, akaniandikia kwa upole akiniuliza kama mimi mwenyewe nimewahi kuumaliza mchezo wangu. Sijawahi. Nilijua vibao vinasogea. Nilijua maneno ya hongera yanatokea mwishoni, kwa sababu nilipoyajaribu nilipanga namba zote mahali pake nikabakiza kibao kimoja tu cha kusukuma. Lakini kuanza mwanzo nikafika mwisho kama mchezaji, wallahi sijawahi hata siku moja.

Ndipo akanieleza kwamba mchezo wangu haumaliziki. Si mgumu, haumaliziki kabisa, hata aucheze nani. Ukitaka kuvuruga vibao hivi unaanza na mpangilio sahihi, kisha unavisogeza, ili njia ya kurudi iwepo. Mimi nilitawanya namba kwa kichwa changu tu, hii hapa, ile pale, na ukifanya hivyo, nusu ya mipangilio haina njia. Wangu ulikuwa hauna. Na kwa kuwa sikujua kuubadilisha, kila ukifungua mchezo unaanza na mpangilio uleule uliokufa.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nikaona ni kichekesho cha kumsimulia Baba, maana tangu aache kazi hacheki na kitu. Leo asubuhi nikamkuta sebuleni anatazama ukuta, nikamsimulia nikicheka peke yangu. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena, polepole, na nikaona ule mkono wake ulioumwa umeshika kiti kwa nguvu.

Kaka, kile alichojipimia kilikuwa mchezo wangu. Alijiwekea mtihani bila kumwambia mtu: akimaliza fumbo la binti yake, kichwa ni kizima, anarudi kwenye lifti zake. Asipomaliza, hana haki ya kugusa kitu kinachobeba watu. Ndiyo maana alikuwa anajifungia chumbani na simu, sisi tukidhani anasikiliza habari. Akasema kila mara alifika mahali palepale. Moja mpaka sita zimekaa vizuri, kisha nane imetangulia saba. Alivuruga akaanza upya, na upya, na mwisho ni saba na nane zimepishana. Akaamini ni ile sehemu ya ubongo iliyokufa ndiyo haimalizii. Akatuma mkoba.

Baba yetu ameacha kazi aliyoipenda maisha yake yote, kwa sababu ya upuuzi niliouandika nikiwa natafuna karanga!

Lililoniumiza zaidi, hakuniamini. Aliniambia kwa upole, na afadhali angenipiga, kwamba nina moyo mzuri lakini nisimdanganye ili kumfariji. Nikasema nitaurekebisha kwenye simu sasa hivi aone. Akasema nikiurekebisha nitauregeza ashinde, na yeye si mtoto. Nikaona naenda kumpoteza mbele ya macho yangu.

Basi nikakimbilia jikoni nikachukua boksi la dawa zake, nikampa na mkasi. Nikamwomba akate vibao mwenyewe, aandike namba mwenyewe, avipange sawasawa mwenyewe. Mama akaitwa avisogeze huku Baba kageuka. Unamjua Mama, hana huruma kwenye michezo, alivisogeza kama anachekecha unga. Baba akageuka, akainama mezani. Chai aliyomiminiwa na Mama kikombeni ilikuwa bado inafuka mvuke alipoiweka nane mahali pake, nyuma ya saba. Mama akavuruga tena, Baba akapanga tena.

Ungedhani hapo ameridhika. Wapi! Akafanya kama anavyofanya kazini: akainua ile saba na nane kwa vidole akazibadilishia nafasi, yaani akaharibu makusudi, ili aone kama hitilafu ni ileile. Akamwambia Mama avuruge. Akapanga, akafika sita, akakwama. Nane, saba. Akarudia, akakwama palepale. Akavitazama vile vikaratasi, machozi yanamtoka, na hakuyafuta.

Kisha akanigeukia, na ndipo jirani alipochungulia. Alitaka kujua ni fundi gani anayekabidhi lifti ambayo hajaipanda mwenyewe. Yeye kila lifti aliyoifunga alipanda wa kwanza, mpaka juu, akashuka, ndipo akawaruhusu watu. Mimi nimewapandisha watu kwenye kitu ambacho sijakipanda! Alifoka vizuri, neno kwa neno, bila kukwama popote. Mama alisimama mlangoni akilia na kucheka, maana tangu hospitali hakuwahi kumsikia akipaza sauti.

Ofisini amekwisha kupiga simu. Jumatatu anaenda. Amesema nikuandikie kwa mkono, si kwa simu, maana hitilafu inaandikiwa taarifa kamili, na ataisoma kabla sijaifunga. Kuhusu mkoba amesema usijisikie kunyang'anywa. Ni wako, ila siku ya kukupa anataka akupe akiwa mzima, si akiwa ameshindwa.

Nilitaka kuishia hapo, Kaka, lakini kuna jambo halijatoka, na kwa kuwa naye atalisoma nalisema kwenu nyote wawili. Wiki chache zilizopita, nikiwa navaa viatu niende kazini, Baba aliniuliza, kama mtu asiyejali, kama watu wanaumaliza mchezo wangu. Nami kwa kujikweza nikamjibu kwamba hata mtoto wa chekechea anaumaliza. Akaitikia tu, akarudi chumbani. Nilikuwa nimesahau kabisa. Leo wakati ananifokea nimekumbuka, na yeye hakulitaja. Sijui kama amesahau au amenistahi. Sina ujasiri wa kumuuliza.

Nisalimie wifi. Wanangu waambie shangazi anawatengenezea mchezo mwingine, na safari hii ataucheza yeye kwanza mpaka vidole vichubuke. Mama anakusalimu, anauliza kama unakula vizuri. Nakuaga kwa mapenzi, na kwa kichwa kilichoinama.

Ni mimi mdogo wako,
Cherehani

Mwanangu, nimeisoma yote. Ni sawa, ila hayo machozi ameyaongezea. Hilo la mtoto wa chekechea nalikumbuka, na viatu alivyokuwa anavaa vilikuwa vya bluu. Nilishamsamehe kabla hajaandika. Lete mkoba. Bisibisi ya mpini mwekundu usifungulie soda.
Baba