Mazoezi ya Kukaa Kitini

3 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Naitikia kabla hujaamkia, maana najua utaamkia. Hujambo? Kazi yako ya kunyoosha watu viungo hospitalini inakwendaje? Huku sote wazima, mimi mzima kuliko wote.

Nakuandikia karatasi kwa sababu simu yangu mke wangu huipokea kabla haijaita mara ya pili, na jambo hili sitaki limfikie. Kuna fundi mwenzangu, mtu wa umri wangu, goti la kulia linamsumbua. Akishapiga magoti kuweka vigae, kuinuka mpaka ashike ukuta. Mimi unanijua. Mwaka jana niliweka vigae jengo la ghorofa nne bila kuinuka, ngazi nikazipanda kwa magoti, hata wapangaji wa juu wakadhani nimezaliwa mfupi.

Nimempima huyo mwenzangu kifundi. Kigae ukikigonga kwa nyundo ya mpira kikatoa mlio mtupu, ujue chini hakikushika gundi. Nikamgonga goti. Likalia vivyo hivyo. Sasa niambie, goti la namna hiyo linajazwa nini? Jibu upesi. Mwezi ujao tunaanza ukumbi wa shule mpya, vigae elfu sita, na fundi mkuu ni mimi. Msimamizi wa ujenzi akisikia habari ya goti, kazi anampa mwingine.

Mjomba wako


10 Machi

Shikamoo mjomba,

Natumaini barua hii inakukuta salama wewe na mkazamjomba. Mimi sijambo, ila nimechoka kidogo.

Mwambie mwenzako aache kupiga goti nyundo. Goti halijazwi kitu. Linashikiliwa na misuli ya paja, na misuli ikilegea goti hubeba mzigo peke yake. Asikimbie, asiruke. Akae kitini, anyooshe mguu mmoja polepole mpaka ulingane na paja, ahesabu tano, aushushe polepole. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Akiwa na baiskeli, aendeshe njia tambarare. Akipata bwawa, atembee ndani ya maji ya kifuani, maji yatambeba. Kazini avae kinga za magoti, na kila nusu saa ainuke. Goti likivimba, aende kwa daktari.

Nina swali. Huyo mwenzako ni nani? Maana mjomba, maumivu yake unayajua kama ya kwako.

Mpwa wako


24 Machi

Mpwa wangu,

Habari za siku nyingi? Afya yangu usiulize, ni ya kuazimisha watu.

Barua nimeipata, ila bahasha ina mkunjo pembeni ambao sidhani ni wako. Nani mwingine anajua unaniandikia?

Nimesoma mazoezi yako mara tatu. Kukaa kitini. Kunyoosha mguu. Kutembea majini kama bata. Haya ni mambo ya kumwandaa mtu astaafu. Tangu lini mtu akapata nguvu kwa kukaa? Nimeanza kujiuliza nani kakutuma. Juzi mke wangu kaleta kiti chenye mto, na hakusema cha nini. Halafu yupo msaidizi wangu, tunamwita Pimamaji, kama kile kifaa cha kupimia usawa, kwa sababu hawezi kuona kitu kimekaa upande akanyamaza. Siku hizi kila nikitaka kupiga magoti ananiwahi: "Mkuu, hapo niachie mimi, wewe kata vigae." Mtu hakuiti mkuu mara nne kwa siku bila kutaka nafasi yako. Nakuuliza waziwazi, unaandikiana naye?

Hata hivyo mwenzangu ameyafanya. Kila asubuhi yuko bwawani, anatembea mpaka maji yanapata joto. Na kwa kuwa kuinua mguu mtupu ni mchezo, amejifungia kifundoni mfuko wa gundi ya vigae, kilo ishirini. Anasema goti linalia kama mlango, kwa hiyo dawa inaingia.

Mjomba wako


31 Machi

Shikamoo mjomba,

Salamu nitaziandika vizuri siku nyingine. Mfuko huo ufunguliwe leo. Goti kulia na kuuma si dawa kuingia, ni goti kuumia.

Sijatumwa na mtu. Pimamaji simjui hata sura. Lakini sasa mimi ndiye mwenye shaka. Bwawa gani, mjomba? Mtaa wenu hata bomba linatoka siku mbili kwa wiki. Nijibu haya matatu, na usimsingizie mwenzako. Goti limevimba? Ukiamka, linachukua muda gani kulegea? Mara ya mwisho kushuka ngazi bila kushika kitu ilikuwa lini?

Mpwa wako


14 Aprili

Shikamoo mjomba,

Wiki mbili hujajibu. Nikipiga simu mkazamjomba anasema uko kazini, na nyuma yake nasikia mtu akikohoa kama wewe. Ukiongea nakutilia shaka nusu. Ukinyamaza nakutilia shaka yote.

Mpwa wako


29 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Natumaini u mzima. Mimi si mzima sana.

Goti lilivimba kama boga. Siku tisa nimekaa kwenye kile kiti chenye mto. Mke wangu nilimwambia nimeteleza, akausogeza ule mto chini ya goti.

Niliporudi kazini, barua yako ya mazoezi sikuiona mfukoni mwa ovaroli. Nikajua ni Pimamaji, ameichukua akamwonyeshe msimamizi. Nikamfuatilia siku tatu, na kumfuatilia mtu kwa mguu mmoja si mchezo. Siku ya tatu, saa ya chakula, nikamkuta nyuma ya maboksi ya vigae. Amekalia ndoo iliyopinduliwa, barua yako mapajani, mguu ameunyoosha mbele, anahesabu kwa midomo.

Nikamwambia, "Mwizi wee."

"Nimeiokota, mkuu. Niliona neno goti, nikadhani nimeandikiwa mimi."

"Uandikiwe wewe kwa lipi?"

"Hili la kushoto mwaka wa pili linaniwaka moto."

"Na ile hapo niachie mimi?"

Akainamisha kichwa. "Ulikuwa unaniangalia sana. Nikasema huyu ameshajua, anataka kunitoa. Ndiyo maana nikawa nawahi kupiga magoti, unione mzima."

Jumatatu msimamizi akatuita wote wawili. Akasema, "Nasikia mmoja wenu anachechemea. Ukumbi ule nataka watu wenye magoti." Mdomo wangu ulikuwa tayari, jina la Pimamaji liko kwenye ulimi. Nikamtazama. Naye ana barua yako mfukoni, imeandikwa mjomba pale juu. Angeitoa tu, nami nimekwisha.

Nikasema, "Ni mimi." Nikangoja yeye anyamaze, nimchukie vizuri. Akasema, "Hata mimi."

Ukumbi wamepewa wengine. Sisi tumepewa kuta za jiko na za vyoo, tunafanya tumesimama. Saa ya chakula tunakalia ndoo mbili, tunanyoosha miguu bila mzigo wowote. Nahesabu kwa sauti, maana Pimamaji hutoka mbili akarukia tano.

Maswali yako. Limevimba, sasa limepungua. Asubuhi linachukua kama nusu saa. La ngazi sikumbuki. Bwawa halipo.

Nami nina langu. Dirishani nawaona wale wa ukumbi, magoti chini tangu asubuhi, hawana kinga, wanacheka. Miaka ishirini na sita kazi nyingine sikujifunza. Je, nitapiga magoti siku nzima tena, au ndiyo basi? Usinibembeleze. Na bahasha uigundishe vizuri.

Mjomba wako


6 Mei

Shikamoo mjomba,

Nimefurahi kusikia uvimbe unapungua. Msalimie mkazamjomba, na mwambie ukweli, maana anaujua.

Siku nzima, hapana. Hilo limekwisha, mjomba, na naliandika mkono ukiwa mzito. Nusu saa ukapumzika, nusu saa ukapumzika, huenda, paja likipata nguvu. Tujipe miezi mitatu. Nenda kwa daktari wiki hii. Pimamaji naye aende.

Nitakuja kukuona kabla mwezi haujaisha. Siku sikutajii. Nataka nikuone ukitembea wakati hujui kwamba natazama.

Mpwa wako