Pipa la Rosalind na Kiti cha Mwenyekiti

Mshauri mpendwa Odette,

Nisaidie kabla ya Alhamisi, kwa sababu Alhamisi halmashauri ya chama chetu cha wenye nyumba inakutana kujaza nafasi ya mwenyekiti, na mimi nimefanya jambo ambalo sijamwambia mtu. Nina miaka ishirini na tisa, nimekuwa katibu miaka mitatu, nimeandika muhtasari wa kila kikao, najua kila bomba linalovuja kwenye nyasi za mtaa huu, na Bwana Orcutt alipojiuzulu katikati ya muhula ili akaishi karibu na binti yake nilijiambia kimoyomoyo kwamba kiti ni changu. Kanuni zinaturuhusu sisi wajumbe wanne tuliobaki kumteua mwenye nyumba yeyote, na Bwana Orcutt akaniambia akiwa mlangoni kwake, "Binti, mchukueni Rosalind. Akiingia yule, hata wagomvi wa bwawa la kuogelea wanacheka." Nikacheka na mimi.

Rosalind Pruitt ni jirani yangu, kahamia mwaka jana tu, na tayari watu wanamwita kwa jina lake toka madirishani, wakati mimi wananiita "katibu". Ndiye rafiki yangu pekee hapa, nampenda, na bado kila anaposifiwa nahisi nimenyang'anywa kitu mkononi.

Kanuni zetu zinasema mwenye onyo ambalo halijasikilizwa kikaoni hawezi kuteuliwa. Zinasema pia pipa la taka lirudishwe kabla ya saa kumi na mbili jioni. Jumanne iliyopita, saa kumi na mbili na dakika kumi, pipa la Rosalind lilikuwa bado barabarani. Nikalipiga picha nikiwa nyuma ya pazia langu, nikaandika barua ya onyo, nikaitia sahihi ya "Halmashauri" kama ilivyo desturi.

Juzi akaja jikoni kwangu na ile barua. "Shoga, nani huyu kanivizia? Dakika kumi! Si angenigongea mlango tu?" Nikasema sijui. Akasema, "Nilianza kurudisha pipa lako, mvua ikanikuta njiani, nikajibanza kwenye gereji yako. Basi, jina langu walifute kwenye uteuzi. Nitawaambia wakuteue wewe, maana hakuna anayeujua mtaa huu kama wewe."

Alipoondoka nikaitazama ile picha tena. Mbele ya nyumba yangu hakuna pipa. Yeye ndiye aliyelirudisha, kama kila Jumanne. Sasa nitapata kiti nilichokitaka na silali. Nifanye nini?

Katibu, Florida

*

Katibu,

Pole. Miaka mitatu unaandika maneno ya wengine na hakuna aliyekuuliza lako. Hilo linauma, na sikulaumu kwa kuona wivu. Nakulaumu kwa kuchukua karatasi ya chama na kuifanya kisu. Na ile "sijui" uliyomwambia jikoni kwako, akiwa amekushikia barua yako mwenyewe! Binti uliyesoma, hukuona haya?

Usinidanganye kwamba ulikuwa unalinda kanuni. Mlinzi wa kanuni hajifichi nyuma ya pazia.

Leo, si kesho, mgongee mlango. Mwonyeshe picha, sema "ni mimi", kisha nyamaza. Usilie kwanza, asije akaanza kukubembeleza wewe. Akikufukuza, ondoka. Huna haki ya kudai akusamehe kabla ya Alhamisi ili ulale vizuri.

Alhamisi, kabla ya uteuzi, omba nafasi ya kusema. Waambie wajumbe kwamba onyo uliliandika wewe, peke yako, kwa sababu ulikitaka kiti. Omba lifutwe. Kisha liandike hilo kwenye muhtasari kwa mkono wako, na jina lako kamili, si "Halmashauri". Kura yako usiipige. Wakikuvua ukatibu, wakabidhi daftari bila kununa. Wakimteua Rosalind, mpe orodha ya mabomba yanayovuja, maana ataihitaji.

Huenda akawa mwenyekiti na asiwe rafiki yako tena. Hilo utalibeba. Lakini Jumanne gari la taka litapita kama kawaida. Toka nje mapema, mvua iwe inanyesha au isinyeshe, urudishe mapipa mawili. Anza na lake.

Odette