Nati Alizokaza Baba

Nyumba ya kona,
Nyuma ya ghala la mbao,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Hujambo wewe, hajambo wifi, na hao mapacha wetu wanaendeleaje? Natumaini kikohozi cha wifi kimekwisha. Sisi huku ni wazima. Goti langu hulalamika nikipanda ngazi za ofisini, lakini hilo si la kukuandikia barua. Mama anakula vizuri na analala vizuri. Macho yake ndiyo yanazidi kufifia. Sasa ananitambua kwa hatua zangu tu.

Asante kwa zile rimu nne za gari la Baba. Zilifika bila mkwaruzo, na majirani wawili walikuja kuzitazama kama watu waliokuja kumwona mtoto mchanga.

Barua hii inakuja na mwalimu jirani yetu, anayesafiri kesho. Sikutaka kupiga simu, kwa kuwa Mama hukaa kando yake, na jinsi macho yanavyopungua ndivyo masikio yanavyoongezeka.

Rimu zilifungwa Jumamosi, tarehe 2 Mei. Fundi wa matairi, yule mnene wa karibu na kituo cha mafuta, alitaka kutuwekea nati mpya. Mama akakataa katakata. Alisema zile za zamani Baba alizikaza kwa mkono wake wiki moja kabla hajafa, na hakuna atakayezitupa yeye akiwa hai. Fundi alinivuta pembeni akanionyesha: mdomo wa nati za zamani ni wa mviringo, na matundu ya rimu mpya yamechongwa kama faneli. "Dada, hizi hazitakaa," alisema. Nikamwambia afunge hivyo hivyo. Kosa hilo ni langu, wala silitafutii mwenzangu wa kulibeba.

Alhamisi, tarehe 7, nilimpeleka Mama kliniki ya macho. Mwendo ulipofika sabini, usukani ukaanza kutetemeka, na kutoka chini, upande wa mbele kulia, ikatoka sauti. Ulikuwa mguno mnene wa mtu aliyefunga mdomo, unapanda, unashuka, unapumzika. Unakumbuka Baba alivyokuwa akiguna akiendesha, bila wimbo wowote? Mama alinyamaza katikati ya neno. Kisha akasema taratibu, kama anayemsemesha mtu aliyeingia chumbani, "Umechelewa wewe."

Kwenye kona ya kushoto, pale kiwanda cha matofali, sauti ilizama ikawa nzito. Mama akaitikia kwa kichwa.

Tangu siku ile hakukaa tena kiti cha nyuma. Alivaa hereni. Alimpa Baba habari zote: paa linavuja, mapacha wameota meno, mimi sijaolewa bado na nina kichwa kigumu kama yeye. Maswali aliyaweka akiba hadi kwenye kona. "Punguza mwendo kidogo," ananiambia, "bado sijamaliza kumwuliza."

Unanijua nilivyo. Niliandika kila kitu kwenye shajara: tarehe, mwendo, barabara, uzito ndani ya gari. Nilipima upepo wa matairi. Nikarudi kupima balansi ya magurudumu mara mbili. Nikainua gari kwa jeki, nikazungusha gurudumu kwa mkono kusikiliza beringi, kimya. Nikahamisha magurudumu ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Kila nilipoyafungua na kuyafunga upya, sauti ilipotea, na Mama akaninunia kwamba nimemuudhi baba yangu. Siku ya tatu ilirudi, upande ule ule.

Tarehe 28 Mei daktari alisema mtoto wa jicho amekomaa. Upasuaji umepangwa tarehe 25 Juni, na tukizidi kuchelewa, jicho la kulia huenda lisiokolewe. Njiani kurudi, Mama alisubiri kona. "Nikubali wanipasue?" Sauti ikazama kama kawaida.

"Umesikia? Amekataa," akaniambia.

"Mama, si ndiyo sauti ile ile uliyosema ni ndiyo kwa habari ya paa?"

"Nimeishi naye miaka arobaini na mmoja. Leo wewe ndiye utanifundisha hapana yake?"

Sasa nikueleze jambo ambalo sijamwambia mtu. Jumanne, tarehe 9, nilikuwa peke yangu garini, narudi kutoka kazini, na mimi nikauliza. Swali lenyewe sikuliandika hata kwenye shajara. Sauti ikazama. Nilisimamisha gari pembeni nikashuka, nikatazama nyuma nilikotoka. Barabara ilikuwa imenyooka kama rula.

Nilipotulia nikafungua shajara na kusoma tangu mwanzo, na hapo ndipo nikaona: kimya siku mbili, mguno siku ya tatu, kila baada ya kukaza. Kinachonyamazishwa na spana ni kitu kinacholegea. Kesho yake, Jumatano, nikampelekea fundi gari. Nati ya kwanza aliifungua kwa vidole viwili. "Dada, hili gari mlikuwa mnaliendesha au mnaliombea?" Alicheka, halafu akaona bolti na kicheko kikakatika. Mbili zilikuwa na ufa. Matundu ya rimu yameliwa yakawa kama yai. Alisema safari moja au mbili zaidi, gurudumu lingetutangulia.

Gari lililala kwake. Ameweka bolti na nati mpya. Rimu ile moja imeharibika, unisamehe. Kwa sasa tunatumia gurudumu la akiba.

Alhamisi hii tulikwenda kliniki kimya kimya. Kwenye kona Mama aliuliza. Akauliza tena, akimwita kwa jina la utani la ujanani ambalo sijawahi kulisikia. Kisha akashusha kioo akatega sikio nje. Hakuna.

Tulipofika nyumbani nilimweleza yote, nikamtilia nati za zamani mkononi. Alizipapasa moja moja kwa kidole gumba. "Kwa hiyo mwezi mzima nimekuwa nikiongea na vyuma," akasema. Tulicheka wote wawili. Halafu akageuzia uso jikoni.

"Na jana mchana, gari likiwa kwa fundi, aliyekuwa anaguna mle ndani ni nani?"

Kaka, nikaifunga shajara.

Upasuaji bado hajaukubali. Anasema hatamsikiliza daktari wala mimi. Atamwuliza mwenye sauti ya mumewe, yaani wewe. Piga simu Jumapili ijayo, tarehe 21, saa nne asubuhi. Atakuuliza, halafu atakaa kimya akusikilize. Una tabia yake ile ile ya kujibu bila kufungua mdomo. Safari hii ufungue, useme neno zima, ndiyo, kwa sauti. Usigune, Kaka. Nakuomba sana, usigune.

Nisalimie sana wifi na mapacha, na mjomba ukimwona. Mungu awatunze huko na atufikishe salama hiyo tarehe.

Ni mimi nikupendaye daima,
Mziwanda wenu.