Kikaango cha Uani kwa Somoe

Mke wangu Mwanahawa, salamu tele toka Ufukoni, Mtwara.

Juzi mdogo wako Somoe alinipa kahawa. Unanijua: nikamwambia kaunguza buni, anipishe nimwonyeshe tunavyokaanga Tanga. Nikatwaa kikaango nilichokikuta uani, nikakaanga, nikatwanga, nikachemsha na tangawizi, nikanywa kikombe kizima. Midomo ikawaka moto, ikavimba kama maandazi!

“Shemeji, kikaango kile ni cha kuchomea korosho,” akasema Somoe. “Mafuta ya maganda yanababua.”

“Mbona hukunikataza?”

“Nilidhani ndivyo mnavyokaanga Tanga.”

Sasa nainywa ile yake, naitikia kwa kichwa kwamba ni tamu. Wewe na wanangu pumzikeni vizuri huko, maana Jumapili narudi, na mdomo utakuwa umepona.

Mumeo akupendaye,
Bakari