Jumuiya Yetu na Watu wa San Marino

Baba Wangeci,

Nimekaa jikoni na kalamu kwa sababu kuna mambo mawili unayopaswa kuyajua, na sitaki mtu mwingine aniwahi kukuambia. La kwanza, San Marino walishinda. La pili, niliwaambia jumuiya ukweli wote. Usikasirike kabla hujafika mwisho.

Tangu tukuzike Aprili ile ya mwaka jana, vijana wakiteleza matopeni na jeneza mabegani, nilikuwa sijafungua kinywa kusali mbele ya watu. Kwenye sala za Jumamosi sikwenda kabisa. Nilisingizia magoti. Mama Kiama alikuja mara tatu kuniita na mara tatu nikamtengenezea chai, nikamrudisha na magoti yangu. Kumbe nilichoogopa ni ile sehemu ya maombi, kila mtu anapoomba kwa zamu. Zamu yako ilikuwa kabla ya yangu. Nilijua watanyamaza kidogo pale, na sauti yako haitasema, "Tuwaombee ndugu zetu wa San Marino, wasikate tamaa."

Miaka kumi na moja uliomba hivyo! Wenzako waliombea mvua, bei ya kahawa, wagonjwa na watoto wa shule. Wewe San Marino. Nasi wote, na katekista akiwemo, tukaitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie," tukidhani ni watu walio kwenye shida kubwa huko duniani.

Mimi nilijua, na hiyo ndiyo dhambi yangu. Nakumbuka siku uliporudi kutoka kazi ya kurekebisha ukuta wa misheni, vumbi la mawe mpaka kwenye nyusi, ukakataa hata kunawa kabla hujanisimulia. Yule bruda mzee Mwitaliano alikuwa amekuonyesha picha ya nchi ndogo iliyokaa juu ya mlima, akakuambia ilianzishwa na fundi wa mawe. "Fundi kama mimi, Mama Wangeci, si mfalme!" Ukamuuliza kama wana timu ya mpira, naye akacheka mpaka akakohoa. Akakuambia wanayo, na hufungwa na kila mtu. Hapo ndipo nilipokupoteza.

Ukaanza kuwafuatilia kwa simu ya Wangeci. Ukajua kwamba mmoja yuko benki, mwingine anauza dukani, na wakishafungwa usiku, asubuhi wanarudi kazini kama sisi. Ukajua Wajerumani waliwapiga kumi na tatu kwao nyumbani, na hilo ulinisimulia kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Lakini hadithi uliyoipenda ilikuwa ya zamani, mechi ambayo hata hukuiona: walivyowafunga Waingereza kabla sekunde kumi hazijaisha. Nilikuwa nakukumbusha kwamba mwishowe walifungwa saba. Wewe unainua kidole: "Lakini dakika ishirini, Mwingereza alikuwa nyuma." Ulilisema hilo kwenye harusi. Ulilisema hata kwenye mazishi ya mjomba wangu, na wazee wa kule Giakanja wakapiga makofi bila kuuliza ni mechi gani.

Nami nilikuficha. Katekista aliponiuliza mimi, katibu wa jumuiya, kama hao San Marino wana vita au njaa, nilimjibu kwamba wanashambuliwa kila upande. Si uongo, ila Mungu anajua nilivyojibana nisicheke. Halafu ukaja ule mwaka wa kiangazi, Mama Kiama akaleta debe zima la maharagwe, ati yapelekwe San Marino. Uso wako siku hiyo! Uliubeba mzigo begani mpaka kwa Cucu Nyambura kule bondeni, bibi kizee asiye na mtu, ukamwachia, ukamwambia awaombee watu wa San Marino. Maskini, aliwaombea mpaka akafa. Nilikuambia tuseme ukweli. Ukasema tutasema siku wakishinda.

Basi wakashinda. Septemba ya mwaka jana, Ijumaa asubuhi, Wangeci akapiga simu kutoka kule Mwea, kinu cha mpunga kikinguruma nyuma yake mpaka simsikii vizuri. "Mum! San Marino wamewin! Moja bila! Ati miaka ishirini hawajashinda mechi!" Kisha sote wawili tukageuka kutafuta mtu wa kumwambia. Miezi mitano tu, Baba Wangeci. Ungevumilia miezi mitano! Nilikukasirikia siku hiyo kuliko siku yoyote ya ndoa yetu, halafu nikalia mpaka nikachoka, halafu nikacheka peke yangu kwenye shamba la nduma.

Jumamosi nikavaa, nikaenda. Tulikuwa kwa Mama Kiama mwenyewe, bahati yangu mbaya. Ilipofika wakati wa shukrani nikasimama kwa magoti yale yale niliyoyasingizia, nikawaambia. Kwamba San Marino ni timu ya mpira. Kwamba uliwapenda kwa sababu hupigwa na hawaachi kucheza. Kwamba mimi nilijua tangu mwanzo nikaandika kwenye kitabu cha jumuiya kana kwamba ni watu wa mafuriko. Nilisema kama wananitoa ukatibu, kitabu hiki hapa. Nilichoogopa zaidi sikukisema: kwamba watakucheka, na wewe huko chini huna jinsi ya kujitetea.

Katekista aliangalia viatu vyake. Mama Kiama ndiye aliyeanza: "Ati mpira? Hiyo maharagwe yangu ilienda kwa mpira?" Nikamwambia yalienda kwa Cucu Nyambura. Akafikiri sana, mkono shavuni. Kisha akauliza walishinda ngapi. Nikasema moja. Akauliza tumewaombea miaka mingapi. Nikasema kumi na moja. "Basi hiyo moja ni yetu," akasema, na nyumba nzima ikapasuka kwa kicheko. Si kukucheka wewe. Walicheka kama unavyocheka na mtu aliye kwenye kiti cha jirani. Kisha akataka kujua wanacheza lini tena.

Sasa huwezi kutuambia kitu. Novemba ile walikwenda ugenini, wakatanguliwa, wakarudisha, wakashinda tatu kwa moja na kupanda daraja. Mama Kiama anasema ni novena yake ya sala za siku tisa. Katekista, mtu uliyekuwa unasema hana utani, ana jedwali lote kwenye simu.

Lakini nisikudanganye. Mwaka huu wamerudi kule kule. Majuzi Oktoba Austria wamewafunga kumi. Kumi, Baba Wangeci, bila hata moja la kufutia machozi. Jumamosi hiyo nilikwenda nikijua watu wamekwisha kuchoka nao, mchezo umeisha. Zamu yako ikafika, ile ambayo hakuna aliyeikalia. Mama Kiama akaichukua bila kuombwa, akafumba macho: "Mungu, hao watu wetu wamepigwa tena. Hatuombi washinde. Wasaidie tu waamke asubuhi, waende kazi."

Tuliitikia wote. Mimi niliitikia nikiwa sina sauti, kwa sababu mwaka mzima na nusu hakuna mtu aliyeniombea jambo nililolihitaji kama hilo. Wameniombea faraja, amani, nguvu za Roho. Hakuna aliyeombea miguu yangu ishuke kitandani. Asubuhi yake, Jumapili, baada ya misa nilichukua kikapu nikashuka kwenye kahawa ya chini, ile yako, niliyokuwa nikimwachia jirani achume kwa sababu sikuweza kupita kati ya miti yako. Nilichuma mashina manne, nikarudi. Kesho yake nikachuma tisa.

Jumamosi hii sala ni kwetu. Ni mara ya kwanza tangu mazishi. Nimepaka sakafu nta, Wangeci anakuja na mchele wa pishori, na Mama Kiama ameniambia waziwazi kwamba zamu ile ameishika kwa muda tu, sasa airudishe kwa wenyewe.

Kwaheri, mume wangu, pumzika. Nakuahidi kwamba Jumamosi nitasimama kwenye zamu yako na kuwaombea watu wa San Marino wasikate tamaa. Nitaomba kwa sauti kubwa, ili na mimi nisikie.

Wako,
Mama Wangeci